Jinsi ya kuitembea Kunduchi kwa siku moja: anza na maji, malizia na samaki

Watu wengi wa Dar ukiwatajia Kunduchi, pwani ya kaskazini mwa jiji, wanawaza hoteli, mabwawa ya kuogelea ya watoto na boti ya kwenda kisiwa cha Mbudya, basi. Wanashuka Mtongani, bajaji mpaka getini, wanaoga, wanakula chipsi kuku, jioni wanaingia kwenye foleni ya kurudi mjini. Hela ni yao na raha ni yao, ila mi huwa inaniuma kwa sababu wamekanyaga kijiji cha wavuvi ambacho kilikuwepo kabla Dar es Salaam haijaitwa Dar es Salaam, na wameondoka hawajakiona. Na kile kijiji kinapungua kweli, kila nikirudi nakuta kuna kitu hakipo. Kwahiyo nataka nieleze vizuri ukitaka kwenda unafanyaje, uanzie wapi, uende siku gani, ukifika uangalie nini.

Kabla ya nauli, kabla ya kuuliza nani anaenda na nani, angalia maji. Nasema maji ya bahari, kupwa na kujaa. Kunduchi mpaka leo haiendeshwi na saa ya ukutani, inaendeshwa na maji, ukienda siku isiyo yake utakuta ufukwe mtupu, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope na watu wamejilalia zao kivulini, utasema mbona hapa hakuna kitu. Mzee mmoja pale diko, yaani pale vyombo vinapofikia na samaki wanaposhushwa, ndo alinifundisha hesabu hii, alinihesabia kwa vidole vya mkono wa kushoto huku kulia kashika sindano ya kushonea nyavu, na tangu siku hiyo sijawahi kukosea kwa kiasi kikubwa.

Iko hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu ile tarehe 14 na 15 ya mwezi wa Kiislamu, kunakuwa na bamvua, yaani maji yanajaa sana na yanatoka sana. Siku hizo kwa pwani yetu ya Dar maji yanakupwa kabisa kwenye saa 4 mpaka saa 5 asubuhi, halafu yanarudi yanajaa juu kwenye saa 10 jioni, na ule mjao mwingine unakuwa saa 10 alfajiri watu wengi wakiwa wamelala. Kila siku inayofuata unaongeza kama dakika 50. Ukienda hivyo mpaka wiki moja mbele unakuta mambo yamegeuka, saa 4 asubuhi maji yamejaa na saa 10 jioni yametoka, ila hayo sasa ni maji mafu, hayajai kwa nguvu wala hayatoki kwa nguvu. Siku hizi kuna programu za simu zinakupa mpaka dakika, zitumie tu, lakini ukiijua hesabu yenyewe huwezi kupotea hata chaji ikiisha.

Sasa mi nakushauri uende siku mwezi unapoandama au kesho yake. Kwanini sio mwezi mpevu wakati bamvua ni lile lile? Kwa sababu ya dagaa. Wavuvi wa dagaa wanawavuta samaki kwa taa usiku, zamani karabai siku hizi taa za betri na jenereta, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina nguvu tena, dagaa hawaji, wengi wanapumzika kabisa siku hizo. Kukiwa na giza ndo wanatoka. Kwahiyo giza la mwezi mchanga pamoja na bamvua lake vinakupa kila kitu siku moja, alfajiri unawakuta wanashusha mzigo, asubuhi maji yanatoka unatembea kwenye miamba, mchana yanarudi unapanda boti. Wakiwa na bahati mbaya na upepo hutakuta kitu, bahari haina mkataba na mtu.

Kuhusu msimu, epuka masika, Machi mwishoni mpaka Mei, njia za ndani zinakuwa tope na mito inamwaga maji machafu baharini huoni hata vidole vya miguu. Juni mpaka Agosti kuna baridi nzuri lakini kusi linavuma, chombo kinaruka, kama una watoto wadogo au mtu anayetapika haraka haitakuwa raha. Oktoba na Novemba mwanzoni bahari inatulia, na tena Februari kabla mvua hazijaanza. Hapo ndo penyewe.

Kufika ni rahisi. Panda daladala yoyote inayokwenda Tegeta au Bunju kwa barabara ya Bagamoyo, iwe umeanzia Mwenge, Makumbusho au Kariakoo, mwambie konda akushushe Mtongani. Kutoka hapo bodaboda au bajaji mpaka ufukweni, ni kilomita chache tu, patana kabla hujapanda. Ila kuna kitu nataka ukitazame ukiwa bado ndani ya daladala. Kabla ya Mtongani utasikia konda anaita "Africana! Africana wapo?" Kituo kile jina lake limetoka kwenye hoteli. Ilikuwepo hoteli kubwa ya ufukweni inaitwa Africana, moja ya zile zilizojengwa upande huu nchi ikiwa changa bado, pamoja na wenzake kina Kunduchi Beach, Bahari Beach na Silversands, enzi hizo mkoa mzima wa Dar kwenye sensa ya 1967 watu hawafiki laki 4, huku kote ni mashamba ya minazi na mikorosho. Bahari ikaanza kula ufukwe, ikala, ikala, mpaka hoteli ikaachwa. Jina likabaki kituoni. Kila siku maelfu wanalitaja na wengi hawajui wanataja kitu ambacho bahari ilikimeza.

Na sababu inajulikana. Ufukwe unalishwa mchanga na mito midogo inayoshuka kutoka juu, Mbezi, Tegeta na mingine, na jiji lilivyoanza kujenga watu wakawa wanachota mchanga mitoni kwa malori. Mchanga ukichotwa kule juu haufiki chini, bahari inachukua wake kama kawaida na harudishiwi mtu. Ongeza na baruti, wale waliokuwa wanapiga mabomu baharini wakivunja matumbawe ambayo ndo yanavunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika pwani. Ongeza na mikoko iliyokatwa. Hoteli zikajenga kuta za mawe kuingia baharini kuzuia mchanga wa kwao usiondoke, zikazuia kweli, lakini mwenye eneo linalofuata akanyimwa wake. Kijijini nako msikiti na nyumba kadhaa za zamani karibu na diko vilikwenda na maji. Ukifika uliza wazee ufukwe uliishia wapi walipokuwa watoto, watakunyooshea kidole baharini, mahali ambapo sasa hivi chombo kimetia nanga.

Haya, umefika. Jitahidi uwe diko saa 12 na nusu asubuhi, isizidi saa 1. Najua ni mapema lakini ukija saa 3 unakuta mizani zimeshafungwa. Utaona ngalawa zenye ndubi zake mbili ubavuni, yaani zile mbao za kuzuia isipinduke, mitumbwi, na mashua za mashine. Maji yanakuwa yanatoka kwahiyo vijana wanaingia mpaka kifuani kupokea matenga, wanabeba kichwani maji yanawachuruzika mgongoni, wakifika mchangani wanamwaga kwenye turubai na dalali anaanza. Mnada unakwenda haraka mno, dalali anataja bei kwa sauti ile ya kuimba, mtu anatikisa kichwa tu tayari imeongezeka elfu mbili, mara ya kwanza niliganda kama nguzo kwa sababu sikuelewa nani kanunua na nani ameshindwa. Usisimame katikati. Simama nyuma ya kina mama wanaonunua kwa ajili ya kukaanga, ndo wanaojua samaki kuliko mtu yeyote pale, ukimsalimia mmoja vizuri, "shikamoo mama, habari za asubuhi", ukaomba akueleze, atakueleza na atakuchagulia.

Kama unataka kununua wa kwako usiingie mnadani, nunua kwa mchuuzi aliyetoka kununua, utaongeza kidogo lakini utapata wachache unaowataka. Changu, tasi, kolekole, vibua, pono, mara nyingine nguru na jodari, ngisi na pweza. Angalia jicho liwe limetuna na linang'aa, fungua shavu uone matamvua mekundu, bonyeza mwili uone nyama inarudi. Na jifunze kumtambua samaki wa baruti maana uvuvi huo ni marufuku kisheria miaka mingi na umepungua sana lakini wewe mnunuzi nawe ni mlinzi. Samaki aliyepigwa bomu kwa nje anaweza kuwa mzuri tu, ukimpasua unakuta damu imevilia kwenye uti wa mgongo, mifupa imekatika, nyama inalegea na tumbo kama limepasukia ndani. Ukimkuta mwachie mwenyewe, usinunue hata kwa nusu bei.

Picha, omba kwanza. Watu wako kazini pale, wengine wamevaa bukta iliyochanika, hapendi kujikuta kwenye simu ya mtu. Ukiomba wengi wanakubali. Na akina dada, mkitoka hotelini na nguo za kuogelea mnapita kijijini jifungeni kanga, hiki ni kijiji cha Waislamu chenye madrasa na watoto wanakwenda chuoni asubuhi, heshima ndogo tu.

Mwombe basi mtu wa pale akupeleke magofuni kabla jua halijawa kali, saa 2 hivi. Nasisitiza, nenda na mwenyeji. Mosi kwa sababu eneo lina vichaka na kumekuwa na visa vya watu kuporwa wakienda peke yao na simu mkononi, pili kwa sababu usipokuwa na mtu wa kukuonyesha utaona mawe tu. Kiingilio lipa sehemu rasmi upewe risiti, mwenyeji wako mpe chake pembeni mlichopatana.

Magofu ya Kunduchi ni msikiti na makaburi, katikati ya mibuyu. Msikiti ni wa karne ya 15 au ya 16, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Makaburi mengi unayoyaona ni ya karne ya 18. Ndo hapa nataka uchukue muda, usiwe na haraka, zima simu kama unaweza.

Tafuta makaburi yenye nguzo. Ni kaburi la kawaida lina ukuta wake wa mstatili umenakshiwa, halafu kichwani linainuka kama mnara, jambo ambalo utaliona pia Kaole karibu na Bagamoyo na sehemu nyingine za mwambao mpaka juu Kenya. Kwenye ile nguzo na kwenye kuta walipachika bakuli na sahani za kaure kutoka Uchina, nyeupe zenye maua ya buluu na nyinginezo. Bakuli linazamishwa kwenye chokaa ikiwa mbichi mdomo ukiangalia nje, kwahiyo chokaa ikikauka linakuwa kama jicho ukutani. Hebu fikiria safari yake. Limetoka kiwandani Uchina, likaingia jahazini, likapita bandari za India au Uarabuni, likashuka huku na kaskazi, likafika kwa mvuvi au mfanyabiashara wa Kunduchi, hakulitumia kulia wali, akafa, watoto wake wakaona hiki ndo cha kumpamba baba. Hicho ndo kijiji ambacho sisi tunasema zamani kilikuwa cha wavuvi tu. Wavuvi waliokuwa wanajua Uchina inatengeneza nini!

Sasa sogea karibu zaidi, usiguse, sogea tu. Sehemu nyingi utakuta hakuna bakuli, kuna shimo la duara. Ukiangalia ndani ya shimo chokaa imebaki na umbo la kitako cha bakuli, ile duara ndogo ya chini imejichora kabisa, laini kama imetengenezwa jana. Mara nyingine kipande chembamba cha kaure kimebaki kimeng'ang'ania pembeni, chenye msitari mmoja wa buluu. Vilichokolewa na watu. Waliotaka kuuza, waliotaka ukumbusho. Mi nikisimama mbele ya lile shimo huwa najisikia vibaya kuliko ningekuta ukuta umeanguka, maana ukuta unaangushwa na mvua na mizizi, shimo lile mtu alikaa akapiga patasi juu ya kichwa cha marehemu. Kwahiyo ukienda na watoto waambie mapema, hatuokoti hata kigae cha chini, hata kidogo kama ukucha. Na usipande juu ya kaburi kupiga picha. Kuna siku nilikuta ubani umechomwa kwenye kigae pembeni ya kaburi moja, majivu bado yana joto, maana yake kuna mtu asubuhi hiyo alikuja kumuombea wake. Hawa sio watu wa makumbusho, wana ndugu.

Ni akina nani hawa? Pwani hii yote kutoka huku mpaka Bagamoyo na chini mpaka Mzizima inaitwa Mrima, na watu wake wakubwa wa zamani walikuwa Washomvi, ambao masimulizi yao yanasema wazee wao walishuka kutoka Barawa, Somalia ya leo, wakachanganyika na Wazaramo waliowakuta bara. Kila mji ulikuwa na jumbe wake, yaani kiongozi wake. Kunduchi, Mbweni, Msasani, Mzizima, vyote vilikuwa vijiji ndugu vya uvuvi na biashara ndogo, hakuna aliyekuwa mkubwa wa mwenzake kwa mbali sana. Mwaka 1862 Sultani Majid wa Zanzibar akaipenda bandari ya pale Mzizima akaanza kujenga mji wake, na 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu kutoka Bagamoyo kwenda hapo, na tangu hapo mmoja kati ya ndugu akawa jiji na wengine wakasubiri jiji liwafuate. Kunduchi ilisubiri zaidi ya miaka mia moja. Lilipokuja lilikuja kwa kishindo, sensa ya 2022 Dar ina watu zaidi ya milioni 5, na barabara ya Bagamoyo ukipita huoni pengo kati ya Mwenge na Bunju.

Kutoka magofuni rudi ufukweni, itakuwa inakaribia saa 4 na maji yametoka mbali. Hii ndo sehemu wageni wengi hawaijui kabisa. Vaa viatu, raba za zamani ni nzuri kuliko ndala, maana chini kuna mawe makali na wale viumbe wa miba mirefu meusi, ukikanyaga siku imeisha. Tembea nje kwenye tambarare utakutana na watu wanaotafuta pweza kwa fimbo ya chuma. Wanatazama shimo, pweza ana tabia ya kupanga mawe na magamba mlangoni kwake, mtaalamu akiona yale mawe yamepangwa anajua mwenye nyumba yupo. Kaa nyuma yao, usipite mbele ukatifua maji. Usigeuze mawe ukayaacha juu chini, chini ya jiwe kuna vitu vinaishi, ukigeuza rudisha. Na muda wa kurudi usicheze nao, maji ya bamvua yakianza kurudi yanaingia kwanza kwenye vijito nyuma yako wakati mbele bado unaona pakavu, ukiwaona wenyeji wanageuka wewe geuka.

Kama una muda uliza njia ya kwenda upande wa mkono wa bahari unaoingia nyuma ya kijiji. Kule kuna mikoko na mabwawa ya chumvi, maji ya bahari yanafungiwa kwenye vitalu, jua linakausha, chumvi inabaki nyeupe inaumiza macho. Kuna ndege wengi wa majini. Nusu saa inatosha.

Chakula kula kijijini kwa mama lishe. Ukibahatika supu ya pweza, na samaki wa kukaanga na ugali au mihogo, kachumbari, pilipili ya ndimu. Agiza mapema kabla hujaenda magofuni, ulipe hata nusu, ukirudi unakuta chako kimetengwa. Nilishafanya makosa ya kutegemea nitakula nikirudi, nikarudi saa 7 nikakuta sufuria zinaoshwa.

Kuanzia saa 7, saa 8 mchana maji yamerudi ya kutosha, sasa nenda Mbudya. Boti zinatoka ufukweni kwenye hoteli na hata kwa wenyeji, safari ni fupi, robo saa au dakika 20 kulingana na mashine. Patana kwenda na kurudi na mkubaliane saa ya kufuatwa, chukua namba ya nahodha, na usipande kama hakuna laifu jaketi kwa kila mtu pamoja na mtoto, hilo halina mjadala hata akikwambia ni hapo tu. Kuna ada ya hifadhi unalipa, raia na mgeni haziko sawa, beba kitambulisho. Mbudya ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, hakuna kijiji juu yake, kuna mivinje, mibuyu, vibanda vya makuti na watu wa kubanika samaki. Ukikaa kimya vichakani unaweza kumuona yule kaa mkubwa wa nazi, mwachie apite zake. Pangavini utaiona pembeni, ni jabali tu la matumbawe limeliwa chini na mawimbi kama uyoga. Fungu Yasini kama jina lake, ni fungu la mchanga.

Ukiwa juu ya boti unarudi, kaa upande unaotazama bara. Utaona kilima cha Wazo na kiwanda cha saruji juu yake, kipo tangu 1966. Kile kilima nacho ni matumbawe, matumbawe ya kale sana yaliyoinuka kutoka baharini. Na ukipita Mtongani kwenye machimbo ya kokoto, mawe ni yale yale, kina mama wanayagonga kwa nyundo juani. Wajenzi wa msikiti ule pale magofuni walichukua jiwe hilo hilo, wakachoma chokaa kwa magogo, wakajenga kitu cha kudumu karne tano. Yaani nyumba zetu zote za Tegeta, Mbezi na Goba ni bahari iliyokauka, na huwa nawaonyesha hivi watoto wa dada yangu kila tukirudi, mdogo wao siku hizi ndo anawaeleza wengine kwenye boti kabla mi sijafungua mdomo.

Hakikisha umeshuka bara kabla ya saa 11 na nusu jioni. Bamvua likianza kutoka tena chombo hakifiki mchangani, utavua viatu utembee kwenye maji na mizigo kichwani, giza linaingia. Samaki uliomnunua asubuhi usimbebe mchana kutwa, mwachie mchuuzi akuwekee kwenye barafu kwa elfu moja mbili, au nunua tena jioni kwa waliovua mchana kwa mshipi na dema, ni wachache ila ni wabichi kabisa. Omba akuparie na kukutoa matumbo pale pale, akufungie kwenye mifuko miwili na vipande vya barafu katikati, halafu weka ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko. Daladala ya Tegeta kwenda Mwenge jioni inajaa, maji ya samaki yakimchuruzikia mtu kwenye nguo ya kazini mtagombana mpaka Lugalo. Bodaboda mwambie akupitishe moja kwa moja mpaka kituoni, simama upande wa kwenda mjini, na ukipita Africana chungulia kushoto.